Tumbo la Sufi

Hoteli imeniletea mahameli nyekundu, mita sita,
na picha ya mzee aliyecheka mpaka macho yamefumba.
"Bi Mize, kabla ya tarehe ishirini. Na tumbo uliweke."
Tumbo nimelijaza sufi ya msufi wetu, ule wa nyuma ya choo hapa Pongwe,
nikalipigapiga, nikalishona mdomo kama mto wa bibi harusi.
Ndevu ni pamba ya duka la dawa.

Siku ile ile Radmila, mhasibu wao, kaja na kitambaa cheupe
nimkunjie pindo.
Cha nini? Cha meza. Tarehe kumi na tisa, slava.
Nikangoja anialike. Hakunialika.
Kwao Serbia, akasema, siku hiyo mtu haalikwi,
mlango huachwa wazi, anayekumbuka huja.

Nikakumbuka.

Chumba cha wafanyakazi, feni mbovu,
mshumaa mrefu kama mkono wa mtoto,
mkate wa duara, ukingo umesukwa kama ukili,
umekandwa kwa tui maana wamo mfungoni:
nyama hawagusi, maziwa hawagusi, samaki ruhusa,
na wanakula mchana kweupe!
Nikacheka, naye akacheka.
Na ngano. Ngano nzima, imechemshwa, ina sukari,
ile ile ya Darajani tunayopondea bokoboko.
"Hii ni ya waliotangulia. Onja, useme jina."
Nikaonja. Nikasema: Shaame Mcha, baba yangu,
ambaye hitima yake niliikopea mchele.

Ukutani, picha ya ubao, imepasuka pembeni.
Mzee mwembamba. Kipaji kipana, mashavu yameingia ndani,
kitabu mkononi. Hacheki.
Ni wa ukoo, hurithiwa: babu kamwachia baba,
baba hakupata mwana wa kiume,
ndipo picha ikapanda ndege, imefungwa ndani ya sweta
ambalo hapa halina kazi nyingine.
"Nikola. Mlinzi wa nyumba yetu.
Alikuwa akiwatupia masikini fedha dirishani, usiku, asijulikane."
Kisha, taratibu, kama anayetaja aibu ya ndugu:
"Wewe umemshonea suruali."

Mimi?
Nikayatazama tena mashavu yale.
Kumbe huyu aliondoka kwao na njaa yake,
kavuka nchi na nchi, kila mahali wakimwongezea kitu,
kofia hapa, kicheko pale, kulungu wa kumvuta thelujini,
hata akafika Pongwe, na tumbo nikamtia mimi.

Mshumaa akauzima kwa tone la mvinyo.
Mimi nikapewa ukwaju.

Tarehe ishirini na tano Kombo wa bustani kalivaa vazi.
Jasho likalowesha ndevu, watoto wa wageni wakampanda magotini,
kila zawadi imebandikwa jina na namba ya chumba.
Nilisimama mlango wa jikoni, natazama mshono wa kiuno
kama utahimili.

Leo vazi limerudi, linanuka jasho na krimu ya jua.
Nimelifumua tumbo. Sufi imeruka chumba kizima,
imekaa kwenye cherahani, kwenye kope, kwenye chai yangu.
Nguo imenywea msumarini, nyembamba,
na mlango, sijui kwa nini, sijaufunga.