Raundi ya Tatu, Toledo

Chumba cha chini ya kinyozi, Mtaa wa Dorr,
nywele za mchana bado sakafuni.
Trevonte, miaka ishirini na saba, mate yanaruka:

*Meno umeyanunua, mistari umeokota;
babu rudi ukalale, ukashinde kwa kuota!*

Watu wakapiga bomba la hita kwa viganja.
Hata mimi, niliyekuja upande wa mzee, nilicheka.

Ellsworth hakucheka, hakununa.
Alifuta miwani kwa pindo la shati la kazini,
lenye jina lake na la kiwanda kilichofungwa.
Akaacha mdundo upite, mapigo manne, manane,
tukadhani amesahau.

Kisha, bila kina, kama mtu anayetaja anwani:

"Mama yako, Denetta, alinichapa hapa hapa,
mimba ya miezi minane, mkono kiunoni.
Nawe ulikuwepo.
Kila nilipokosa mizani
ulicheza."

Trevonte akafungua mdomo.
Maikrofoni ikanasa pumzi tu.

Majaji watatu: kura mbili kwa kijana.
Sawa. Vina vyake vilikuwa safi.

Lakini nje, kwenye theluji, nilimwona
amemshikia mzee mlango wa gari, haufungi,
anauliza:
alisemaje? Neno kwa neno, alisemaje?