Kata

Mara ya kwanza nilimwona akiwa amebanduka nusu:
jicho moja, pua yenye kipini,
bango la sinema ukutani kwa Popatlal, Makoroboi,
mvua za vuli zimekula shavu la kushoto.
Indumati Rege. Nililisoma jina kwa kusukuma herufi,
darasa la nne, kapu la karanga kichwani.

Ndani, safu ya mbele, shilingi moja,
alikuwapo Budodi, fundi baiskeli wa Mitimirefu,
aliyejitangaza kuwa anajua Kihindi.
Alisimama kando ya pazia akiturushia maneno:
"Hapa anamwambia, mpenzi, nitakusubiri.
Hapa anamwambia, hata miaka mia."
Indumati yuko kisimani, kata ya maji mkononi,
anamtazama kijana mwenye farasi
na hapepesi.
Tukalia. Holo alilia hadi kamasi.
Nje, upepo wa ziwa ukatukausha nyuso,
ukaleta na harufu ya dagaa,
nami nikajiapiza kusubiri.

Basi, nilisubiri.
Ngolo alipanda meli kwenda Kisumu, kazi za bandarini;
nikasubiri kwa barua mbili na kitenge kimoja.
Cherehani nilijifunza huku nasubiri.
Nilishona blauzi za mgongo wazi, mtindo wa Indumati,
wasichana wa Kirumba wakazivaa chini ya khanga
mama zao wasione.

Yeye miaka ikamshusha ngazi kwa ngazi.
Kwenye kanda za video akawa dada wa bwana harusi,
kisha mama mjane, sari nyeupe, kikohozi,
anakufa kabla chai haijapoa.
Nilihesabu: alikufa mara kumi na moja.
Halafu hata kufa hakupewa tena.
Nikasema, haya, kamalizika. Tuko wengi.

Masika iliyopita, umeme umekatwa mtaa mzima,
Bhavna, mjukuu wa Popatlal, alikuja nimpunguzie blauzi.
Simu yake ina chaji. "Shangazi, tazama hii,
bibi wa miaka sabini na mbili ndiye kaiongoza."
Nikatazama. Uso wake haumo hata mara moja.
Yumo mwanamke anayemenya vitunguu jikoni,
anamenya, anapangusa jicho kwa kiwiko,
hakuna anayebisha hodi, hakuna ngoma,
na kamera imekaa kimya inamngoja.
Sijawahi kuona mwanamke akingojwa hivyo.
Mwishoni, penye weusi, jina peke yake.
Halikuandikwa kwa herufi zetu. Nililijua tu.

"Nitafutie ile ya kisima," nikamwambia.
Akaipata, ina ukungu na mikwaruzo.
Kata ile ile. Farasi yule yule.
"Hapa anasema nini?"
Bhavna hakufikiri hata kidogo:
"Anasema, mwondoe farasi wako, anakunywa maji yangu."
"Hamna nitakusubiri?"
"Hamna, shangazi. Wala miaka mia."

Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.
Budodi yuko makaburini Igoma, siwezi kumdai nauli.
Labda alibahatisha.
Labda alituangalia sisi na makapu yetu
akatupa tulichokuja nacho.

Akanionyesha kipande kingine, kifupi:
Indumati kwenye kigoda, mvi, shali, soksi za kiume,
watu kama arobaini wanamtazama mdomo.
Akatoa neno moja, wote wakashusha pumzi.
"Kasema kata," alisema Bhavna.
Kumbe. Na mimi miaka yote
nilidhani ni neno la mafundi cherehani.

Bhavna alipoondoka nilifungua kabati.
Kitenge cha Kisumu kilikuwa chini kabisa,
kinanuka nondo na sabuni ya zamani.
Nikakitandaza mezani. Chaki ikagoma kidogo pembeni,
penye mkunjo pamefifia.
Kinatosha gauni la mikono mifupi,
na kikibaki, mfuko wa mkasi.