Ukurasa wa Sitini na Moja

Mihambo hakuja kusoma. Alikuja kuchaji simu,
maana Ng'ambo umeme ulikatika tangu alfajiri
na maktaba yetu ina soketi moja nzima, ile ya chini ya dirisha.
Nikamwambia: soketi ni ya wasomaji.
Akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta kitabu chochote,
akakaa kama mtu aliyeitwa polisi kutoa maelezo.

Simu ikajaa. Yeye hakuinuka.

Kitabu chenyewe hakina jalada. Nimekibandika gundi mara mbili.
Ni cha msichana aliyepanda treni bila tiketi,
amejificha kwenye behewa la magunia ya karanga,
na ukurasa wa sitini na moja treni inasimama porini,
naye inabidi aamue: ashuke, au asishuke.

Wiki ya pili akakirudisha kwa aibu.
Mjomba wake huuza asali stesheni, kwenye chupa za soda,
na kidole gumba cha Mihambo kilikuwa kimegonga muhuri
katikati ya ukurasa, kama mtu aliyepiga kura.
Kanuni inasema faini, shilingi elfu moja.
Nikamwambia: au niandikie karatasi, umweleze mwenzako
kwa nini akisome. Akaandika kwa kalamu yangu nyekundu:
"Kimeniudhi. Na wewe kikuudhi."

Sijaona tangazo la kitabu lililofanya kazi kama lile.

Nyamizi wa Isevya alikiazima siku hiyo hiyo.
Akaongeza chini: "Nani amelamba 61? Ila alifanya vizuri kushuka."
Kisha Kasele, ambaye husoma amesimama
(ana jipu, alisema; baadaye nikajua ni mazoea):
"Kushuka ni ujinga. Porini kuna nini?"
Kisha Shamimu, herufi ndogo kama mchele:
"Kuna yeye mwenyewe."
Karatasi ikajaa. Nikabana nyingine kwa pini, na nyingine.
Nikasema, jamani, njooni Jumamosi mgombane ana kwa ana,
wino wa serikali unakwisha.

Wakaja sita. Wakaja kumi na mmoja.
Wasomaji wa magazeti wakalalamika kwa maandishi.

Jumatatu moja nikafungua kabati:
sisimizi, msafara kutoka ufa wa ukuta
hadi kwenye kile kidole cha asali.
Walikuwa wamekula treni, wamekula pori,
wamemwacha msichana na mguu mmoja hewani.
Sitini na mbili nayo ilikwenda, lakini hiyo hakuna aliyeililia.

Kasele alicheka mpaka, kwa mara ya kwanza, akakaa.
Tukakubaliana: anayeukumbuka ukurasa auandike.
Wakaandika, kila mtu kona yake,
mkono umefunika karatasi kama mtihani wa taifa.
Kwa Mihambo mvua inanyesha na behewa linavuja.
Kwa Nyamizi hakuna mvua, kuna taa moja mbali
ambayo huenda ni nyumba, huenda ni jicho la mnyama.
Kwa Shamimu msichana anashuka na karanga mfukoni,
maana, alisema, uhuru nao unaona njaa.
Kwa Kasele, huyo Kasele, hashuki. Treni ndiyo inayomshuka yeye,
wala sijaelewa, wala hakutaka kunieleza.
Mimi nimekisoma kitabu kile mara tisa
na sikumbuki kama kulikuwa na mvua.

Nimezishona zote nne kwa uzi wa fundi viatu,
mahali pake, baada ya sitini.
Kwenye daftari la mali nimeandika:
pungufu, karatasi moja; ziada, nne.
Mkaguzi akija kutoka mkoani atajua la kufanya.

Jana mtoto wa kidato cha kwanza, shati limemzidi mikono,
akanisogelea na kitabu kikiwa wazi:
dada, ipi ndiyo ya kweli?

Nikamwonyesha soketi. Nikamwambia akae.