Swali la Tusekile

Ukumbi wa Tandika, Jumamosi. Wanaume wote nje,
hata yule wa muziki, kaacha spika zinaunguruma peke yake.
Nimesimama, kanga mbili, shanga mkononi.
Miaka kumi na tisa nafunda, sijawahi kukwama.

Nikasema niliyofundwa:
mume hanyimwi.
Akija amechoka, mpokee. Akija amelewa, mpokee.
Na wewe ukichoka...
hapo huwa nawakonyeza wapiga ngoma.
Vigelegele. Noti za elfu mbili zinadondoka kwenye sinia.

Bibi harusi, karani wa bandarini, akafunua mtandio:
"Somo, ya kwake nimeyasikia.
Yangu yako wapi?"
Ukumbi ukacheka. Shangazi yake akamfunika upya,
kama mtu anayefunika chungu kinachotaka kufurika.
Sauti ikatoka chini ya kitambaa:
"Na siku nikisema sitaki,
hiyo sitaki ina jina katika mafunzo yako?"

Nikaomba maji.

Usiku, Mbagala, umeme umekatika.
Mwanangu anasoma baiolojia kwa tochi ya simu.
Mwalimu alipofika ukurasa ule alisema: someni wenyewe nyumbani.
Wavulana alishawatoa wakacheze mpira.
Nikauangalia mchoro: mishale kila mahali,
mrija huu, mji wa mimba ule,
mwili mzima umeandikwa majina
na mwenye mwili hayupo.

Neno ridhaa nililijua hospitali ya Temeke,
mwaka wa uvimbe wangu.
Daktari, kijana nisiyemfahamu, alieleza, akauliza,
akanipa kalamu, akangoja.
Alingoja kweli. Nje kulikuwa na foleni.
Kibwana, Mungu amrehemu, tuliishi miaka ishirini na miwili,
hakuniuliza hata usiku mmoja,
wala mimi sikujua kwamba mtu huulizwa.
Walisema mwali akinyamaza amekubali.
Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeuma kanga.

Jumatano nikampigia Tusekile: njoo saluni, na mwenzio aje.
"Lwitiko? Afundwe?"
Afundwe. Nani alisema nyumba ina mwanafunzi mmoja?

Akakaa chini ya drayeri, magoti yamebana, anacheka-cheka.
Nikamwambia: uliza. Ukishauliza, subiri.
Kimya si jibu. Jana si jibu la leo.
Mahari ulilipa kwa wazazi, mwili haukuwepo kwenye hesabu.
Kicheko kikaisha. Akauliza, taratibu,
"Na mimi nikiwa sitaki? Mwanaume anaruhusiwa?"
Lo! Hilo nalo sikuwahi kufundwa.
Nikasema unaruhusiwa. Nikaona mabega yake yanashuka.

Walipokuwa wanatoka, Tusekile akarudi mlangoni:
"Na raha yangu, somo? Nitaijuaje?"

Nikazikunja shanga, nikazifungua, nikazikunja.
Nina miaka hamsini na sita.
Hilo, mwanangu,
wewe ndiye utakayekuja kunisimulia.