Lindo

Saa tatu kasoro, maabara ya Keko.
Feni imegoma. Nafuta lenzi kwa pindo la kanga,
Mwinjuma anaingia na chumvi shingoni,
imekauka kwa mikunjo, kama bahari iliyohama.
Ametoka Mbagala Rangi Tatu gizani,
akaifuata Mandela hadi Ubungo na kurudi,
kabla malori ya makontena hayajaanza kukohoa.
"Sista Hidaya, chukua." Ananyoosha mkono.
Mshipa umesimama, mnene kama kamba ya ndoo.

Damu hii ya sasa imejaa:
chembe nyeupe zimemwagika njiani
kama watu waliosikia king'ora.
Namwambia asubiri. Anasubiri, anasinzia.
Saa mbili baadaye nachoma tena
na uwanja ni mtupu.
Nahesabu. Nahesabu tena. Nusu hawapo.

Zamani ningeandika: wamekufa.
Ndivyo tulivyofundishwa chuoni,
kwamba mkimbiaji wa masafa akifika mwisho
huacha mlango wazi nyuma yake,
na mafua hayana adabu ya kubisha hodi.
Niliyanakili hayo kwa wino mwekundu.

Siku hizi kalamu inasita.
Mlinzi asipoonekana getini
si lazima uchimbe kaburi.
Pengine yuko uani anakagua uzio,
anamulika tochi kwenye kona za mapafu,
anapapasa kuta za utumbo,
na mimi, na kisindano changu,
nimechungulia getini tu.

Lakini Mwinjuma anakohoa.
Kila mwaka, wiki moja kabla ya mashindano.
"Jicho la watu," anasema.
Ulilala saa ngapi? Saa saba usiku.
Ukala nini? Chai ya rangi.
Mtoto hajambo? Ana mafua tangu Jumapili.
Mnalala wapi? Kitanda kimoja, sista, chumba ni kimoja.
Basi jicho hilo, Mwinjuma,
lina makamasi.

Kibwana haji asubuhi. Huja jioni
kutoka gereji ya Tandika, anakonyanyua
ekseli ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege.
Dakika arobaini, basi. Anakaa, anapuliza pumzi.
Chembe zake hupanda kama maziwa jikoni,
zikashuka kabla hujatafuta kitambaa.
"Mimi ngome!" anajipiga kifua.
Kesho yake hawezi kuinua mkono achane nywele:
walinzi wamegeuka mafundi,
wako begani, wanaziba nyufa alizozifanya mwenyewe.

Na yupo mama yangu, Bi Siwatu,
ambaye si mwanariadha wa mtu yeyote.
Kanga mbili, raba za mjukuu,
Keko Machungwa hadi Chang'ombe na kurudi,
huku akimsema jirani njia nzima bila kukatika pumzi.
Masika yote haya hajapiga chafya.
Nikamwomba damu. Akanitazama.
"Damu yangu si ya maonyesho."
Kwa hiyo sina takwimu zake.
Nina ushahidi wa jikoni tu, na haukubaliki kwenye fomu.

Kocha Matimbwa anapiga simu:
"Nipe jibu moja. Akimbie, asikimbie?"
Jibu moja! Kana kwamba mwili ni swichi.
Namwambia: masafa si sumu, na chuma si dawa;
kipimo ndicho kinachojua.
Alale. Ale ugali kabla na baada.
Mtoto alale kwa bibi yake siku tano.
Na hizi siku mbili, viatu vyake nivifungie mimi kabatini.
Upande wa pili, kimya.
Kisha: "Sista, unaniua."

Nimevifungia. Vinanuka jasho na lami.
Naandika tarehe, naandika idadi,
mbele ya neno "maelezo" naacha nafasi.
Dirishani namwona Mwinjuma
ameketi kwenye benchi, miguu mitupu, kanuna,
anakunywa uji wa ulezi niliomnunulia,
na goti moja, bila ruhusa ya mtu,
linakimbia.