Saba Bila Mkanda

Saa nane za usiku, Lubumbashi, mwezi wa Juni,
baridi imeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta.
Niko na antena, chupa ya chai,
na programu inayonihakikishia kwamba yote ni sawa.

Si sawa.

Mkondo mkuu nausikia. Unakwaruza kama panzi,
unagawa njia usiku kucha: lori la nne, pita huku,
karakana, pita kule, mizani, ngoja kidogo.
Makundi thelathini, milango mitano;
kila mtu hupewa mlango kwa pumzi moja,
kisha hunyang'anywa.
Programu huwafuata mbio. Milango minne huikuta na watu.
Wa tano tukifika, kimya,
kama nyumba yenye jiko bado moto
na wenyewe wametoka.

Nimebadilisha waya. Nimeifuta programu, nimeisimika upya.
Nimezima, nimewasha, dawa ya mafundi wote.
Nimepanda juu ya bati na koti la mume wangu,
nikaigeuza antena upande wa Ruashi, nikairudisha.
Bwana Kabwita akasema kwenye simu, "Ni hali ya hewa, Mwansa."
Hali ya hewa haichagui mlango mmoja kati ya mitano.

Basi nikafungua daftari, nikawa karani wa kimya.
Saa nane na dakika kumi: kimya, mlango wa tano.
Na kumi na nne: wa tano.
Na ishirini na tatu.
Kosa linalorudi pale pale lina anwani.

Droo ya chini. Karatasi ya marehemu Musoya,
doa la grisi pembeni, masafa kwa mwandiko wake wa haraka.
Niliyanakili mimi mwenyewe, mwezi wa pili,
siku tatu baada ya matanga,
na macho yangu, nakiri, hayakuwa kwenye tarakimu.

Nilipoandika moja, pana saba.
Saba isiyo na mkanda.

Masista wa Katuba walitupiga vidole kwa hilo:
saba huvaa mkanda tumboni, binti,
la sivyo utakuja kulipa deni lisilo lako.
Musoya hakusoma kwa masista.

Narekebisha. Tarakimu moja tu.
Nangoja. Panzi anakwaruza, anakwaruza,
mlango wa tano unafunguka,
na mtu fulani, kule chini shimoni,
aliyesema miezi minne nisimsikie,
anauliza kwa sauti nzito ya usingizi:
"Chai ingaliko huko juu?"

Chombo changu kinasikiliza tu, hakina kitufe cha kujibu.
Natikisa chupa. Iko, nusu kikombe.

Kisha nachukua kalamu,
naifunga saba ya Musoya mkanda wake.