Rangi ya Tisa

Chipu yenyewe, ukiitoa ganda, haifiki punje ya kunde.
Ilikaa ndani ya plastiki nyeusi, miguu kumi na sita,
na mgongoni mtu wa kiwandani, kwa wivu gani sijui,
alilikwangua jina lake.
Baba aliinunua kompyuta ile kwa baharia wa Mtambwe
mwaka wa themanini na nne,
kwa fedha ya karafuu za msimu mzima.
Mama hakusema naye siku tatu.

Sasa imekufa. Ukiiwasha inanuka vumbi linaloungua,
basi.
Nimeandika programu ya kuiigiza:
ndani ya mashine yangu mpya ile kongwe inaamka,
inahesabu, inalia kile kilio chake cha mwanambuzi,
kaseti za baba inazisoma hata zilizoota ukungu,
ila rangi haina.
Rangi zilikuwa humo, katika chipu isiyo na jina:
mistari kumi na sita, biti sita kila mstari,
mbili za nyekundu, mbili za kijani, mbili za buluu.
Hakuna aliyezinakili. Waliozijua wamestaafu, au wamezikwa nazo.

Ussi, wa maabara kule Tunguu, alilila ganda kwa asidi,
tone, subiri, tone,
akaniwekea chini ya hadubini.
Nyuzi tisini na sita, nyembamba kuliko unywele wa mtoto:
uliokatika ni moja, mzima ni sufuri.
Nilizisoma kwa sauti mpaka adhana ya alfajiri, Ussi akiandika.
Tisini na tano.
Uzi mmoja asidi iliupitia.
Mstari wa tisa, nyekundu, ile biti kubwa:
ikiwa moja, rangi ni ya chungwa bivu;
ikiwa sufuri, ni kahawia,
kahawia ya maji ya chai yaliyosahauliwa jikoni.
Na ya tisa ndiyo rangi ya nyoka
katika mchezo alioutunga baba.

Nikavuka bahari kurudi Wete.
Mama alikuwa anapiga pasi pale Limbani, redio imewashwa.
“Mama, yule nyoka wa baba alikuwa chungwa au kahawia?”
Akanitazama kama niliyemuuliza rangi ya Jumanne.
“Rangi? Raya, televisheni yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe.
Ya rangi walikuwa nayo kina Shaame, na hawakuwa wakitukaribisha.”

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Nyoka, tisa; majani, tatu; ukuta, kumi na mbili:
baba alizipanga zote kwa kufuata kitabu,
akipaka rangi nyumba asiyoweza kuiona.

“Nilimchukia nyoka yule,” mama akaendelea, pasi mkononi.
“Akishaingia majanini simwoni tena, kapotea kabisa.
Baba yako ananicheka. Nikawa namhesabia tu:
moja, mbili, tatu, atatokea hapa.”

“Kapotea kabisa?”

“Kabisa. Kijivu ndani ya kijivu.”

Nikatafuta kalamu. Nyuma ya risiti ya boti nikaandika:
nyekundu thelathini, kijani hamsini na tisa, buluu kumi na moja,
hivyo ndivyo jicho linavyogawa mwanga katika mia.
Majani ya baba, yenye buluu ndani yake: ishirini na saba.
Nyoka wa chungwa: arubaini na tisa, angeng'aa kama taa ya gati.
Nyoka wa kahawia: ishirini na tisa.
Sufuri.
Biti ilikuwa sufuri,
na miaka yote hii ilikuwa imekaa kwa mama,
asiyejua kwamba anayo.

Kanzu ikaungua kidogo pindoni. Akanilaumu mimi.

Usiku nikamwekea kompyuta mezani.
Akavaa miwani, akainama.
“Kumbe majani yalikuwa hivi,” akasema,
na kwa muda hakusema lingine.
Kisha akabonyeza.
Nyoka akaingia majanini, kahawia, waziwazi,
kila pingili yake inaonekana,
na midomo ya mama bado ilikuwa inahesabu.